Ibara ya Kumi na Sita

Liuli,
11 Juni

Kwako Dada Getrude,

Shikamoo dada. Najua umeutambua mwandiko kabla hujafungua bahasha, na najua mkono wako umeshaanza kuikunja. Nakuomba ukae kwanza, uvae miwani, usome mpaka chini. Miaka tisa sijakuomba kitu.

Habari za huko Ukata? Magoti yanasemaje na baridi hii ya Juni? Binti yako Luisa na mume wake Placidi hawajambo? Wajukuu je? Nasikia kahawa yenu imezaa vizuri, na kwamba unachuma mwenyewe, hutaki kukalishwa uani na wajukuu. Habari hizo ananiletea Clemence, huyu muuza dagaa wa usipa anayepanda huko kila baada ya wiki mbili, na ndiye aliyekubali kukuletea barua hii mkononi. Usimkasirikie, nilimsumbua sana. Simu nimekupigia mpaka namba yako nimeishika kama Baba Yetu. Inaita, halafu inakatwa.

Mimi kwa mwili sijambo, presha inapanda na kushuka kwa ratiba yake. Tangu shemeji yako Nazari atutoke, nyumba imekuwa kubwa. Asante kwa unga na kahawa ulivyomtuma Luisa alete kwenye msiba, ingawa wewe hukuja. Wanangu wako mbali, Aidan yuko Songea na kazi yake, Glorious yuko Dar es Salaam na watoto wake, wanapiga simu Jumapili. Siku nyingine sita naongea na redio, na mara nyingine nabishana nayo. Napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Nyumba yako haijaanguka. Kila Jumamosi nafagia baraza lako, nakaa hapo kidogo, kisha narudi kwangu. Ni hatua thelathini na mbili, na ziko wiki ambazo sina safari nyingine.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Ni chama chetu cha uji.

Kazi bado ni ileile uliyotuanzishia. Kila asubuhi tunapika, tunabeba mpaka wodini, tunawapa wagonjwa waliokuja kutoka mbali ambao hawana ndugu wa kuwapikia. Sufuria ni lilelile lako, lenye herufi G uliyoikwaruza kwa msumari ili lisiibiwe. Limepigwa kiraka mara mbili. Tuko wanachama kumi na tisa, na mwenyekiti ni Mwalimu Kilian, yule mstaafu mwenye kofia. Ni mtu mwema, ila anapenda sana vikao. Mimi bado ni katibu. Nadhani watanizika na daftari la mihutasari.

Mwezi wa tatu alikuja afisa maendeleo ya jamii kutoka Mbamba Bay, binti mpole aliyetuamkia wote, mmoja mmoja. Alitueleza kwamba sheria imebadilishwa, na vyama kama chetu vinatakiwa vihamie kwenye usajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, vikiwa na katiba iliyorekebishwa. Asiyefanya hivyo mpaka tarehe thelathini mwezi huu anafutwa. Na hospitali nayo ilishatuambia kwa upole kwamba kikundi kisicho na usajili hakiwezi kuendelea kuingia wodini na chakula. Kwa hiyo si karatasi tu, dada. Juzi kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na mzee aliyeletwa kwa mtumbwi, hajui mtu hapa hata mmoja. Tukifutwa, huyo anakula nini?

Tulimpa yule binti katiba yetu ya zamani aisome. Unaikumbuka? Kurasa nne, ulizisema wewe na mimi nikaandika, mwaka ule tulipokuwa watano. Alipofika penye maneno kwamba mwenyekiti atakuwa yule mwenye sufuria kubwa kuliko wote, alifunika mdomo kwa daftari, mabega yakimtikisika. Mwalimu Kilian alisema hakuwahi kujua kwamba yuko madarakani kinyume cha katiba. Wakacheka sana. Mimi nilicheka kidogo, nikakukumbuka jinsi ulivyoligonga lile sufuria kwa mwiko siku ile, ukauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Tulifanya kazi miezi miwili. Tuliweka ukomo wa uongozi, miaka mitatu mitatu, vipindi viwili basi. Tuliandika malengo, tukaandika namna ya kutoa taarifa ya kila mwaka, tukaandika pia kwamba siku chama kikifa vyombo vyake vyote, sufuria likiwemo, vitakwenda kwa chama kingine chenye kazi kama hii. Tulibishana juu ya kila koma. Mimi nilifurahi, sikufichi. Kwa miezi miwili watu walikuja kwangu kila alasiri, na chai yangu ikawa inaisha kwenye birika.

Kisha tukafika ibara ya kumi na sita. Uliisisitiza wewe mwenyewe, ukasema watu wakishakuwa wengi wataanza kukigeuza chama kiwe cha kula. Inasema katiba hii haitabadilishwa kwa namna yoyote bila saini za waanzilishi wote walio hai. Yule binti alisema sheria mpya haiwezi kuiruka. Kwanza tuibadilishe katiba kwa utaratibu wa katiba yenyewe, ndipo tuwe na mpya. Akauliza waanzilishi ni akina nani. Nikamtajia. Watatu wametangulia, wa mwisho ni Violet, aliyefariki mwaka jana mwezi wa Agosti. Wamebaki wawili, mimi na wewe.

Akaniuliza wewe uko wapi. Dada, nilijibu kwamba uko mbali. Nilisema hivyo kama vile Ukata ni Ulaya.

Mwalimu Kilian alisubiri binti yule aondoke, akaniita pembeni na kusema kwa sauti ya chini kwamba wanachama karibu wote wanajua wewe na mimi hatuongei, na kwamba hataki kunitia aibu kwa kunituma huko. Lakini, akasema, ipo njia. Afisa alishasema kwamba kwa mwanzilishi aliyefariki inatosha hati ya kiapo cha ndugu. Nani atakayetoka Mbamba Bay kwenda kuhakiki kahawani Ukata? Nilimkatalia, nikamwambia dada yangu si kuku wa kuchinjiwa wageni. Akakubali haraka, akavua kofia, akaomba radhi. Lakini lile neno lilishaingia ndani. Nilikaa nalo wiki nzima. Tarehe zikawa zinasogea. Nikaona kukuua kwenye karatasi ni rahisi kuliko kupanda mlima kuja kukutazama usoni, na wewe utajua kwa nini nikifika mbele.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikwenda Mbinga. Mvulana wa steshenari alichapa yale maneno haraka haraka, kwamba mimi Emiliana, Mkristo, mkazi wa Liuli, naapa na kuthibitisha kwamba dada yangu Getrude alifariki dunia. Akaniuliza tarehe. Nikamtajia tarehe ile uliyoondoka, kwa sababu sikuwa na nyingine. Kwa wakili nilishika Biblia, nikasema yale maneno, nikasaini kwa kalamu ya kuazima. Akagonga muhuri, akanipa pole. Alikuwa kijana mstaarabu, akanisogezea na kiti. Ndivyo nilivyofanya, dada. Sitafuti neno la kulipamba.

Kwenye gari la kurudi nilikaa na Alphonce, katekista wa Kihagara. Nilimpa faili anishikie nilipokuwa nanunua ndizi dirishani, na karatasi ya juu ilikuwa ile. Nilipogeuka alikuwa ameshasoma jina lako na neno alifariki, hakufika penye tarehe. Akanitazama kwa huruma, akanishika mkono, akasema pole sana mama. Ningeweza kumwambia hapohapo. Lakini pole ikitolewa, mdomo unajua jibu lake kabla ya kichwa. Nikasema asante.

Hiyo asante ilifika Liuli kabla yangu.

Asubuhi nilisikia watu uani. Nilipofungua mlango walikuwa wameshatandika mikeka, wanawake wanane au kumi, na kuni, na unga, na ndoo za maji kichwani, na Mama Gaudiosa ameshajifunga kitenge kiunoni tayari kwa kupika. Wakaniangukia wakilia. Nikalia na mimi. Sijui nililia nini, labda kwa sababu ilikuwa siku nyingi sijashikwa na mtu. Nikasema moyoni kwamba nitawaambia baada ya kunywa chai. Baada ya chai watu walishakuwa arobaini.

Natamani ungekuwepo kusikia. Walisema habari zako mpaka jua likawa kichwani. Walisimulia masika yale ambayo mto ulijaa, wewe ukavuka na uji kichwani, kiatu kimoja kikaenda na maji, ukaingia wodini na kiatu kimoja ukiwa umekasirika kwamba umechelewa. Walisema ulivyokuwa ukiwaonjesha wagonjwa uji kwa kijiko kama watoto, na ulivyomfukuza daktari mmoja apishe watu wale uji kwanza. Hakuna aliyetaja mkutano wa kura iliyokuondoa uenyekiti. Nilisubiri wautaje. Hakuna, dada. Walewale waliokupinga walikuwa wanafuta machozi kwa pindo za kanga. Mwalimu Kilian peke yake alikaa kwenye kona, kofia magotini, hathubutu kunitazama.

Mchana akafika mwanamume mmoja kwa miguu kutoka Kihagara, jina lake Hamphrey. Alisema alilazwa hapa zamani na mguu uliovunjika, na mama mmoja akamlisha siku arobaini, naye hakuwahi kumuuliza jina. Alipomsikia Alphonce akieleza jinsi marehemu alivyokuwa, akajua ni yeye. Alikuwa amebeba jembe. Akaniuliza kwa heshima kaburi linachimbwa wapi, kwa sababu angependa kuchimba.

Hapo nilishindwa. Nilisimama katikati ya mikeka nikawaambia kwamba Getrude yuko hai, yuko Ukata kwa binti yake, anachuma kahawa, na kwamba nimeapa uongo ili kupata saini. Kwanza nilisikia sufuria tu linachemka. Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia, halafu wakacheka wengi. Mama Gaudiosa hakucheka. Alisema ana miaka sabini na minne, hana machozi ya kuchezea, na kwamba msiba wako wa kweli ukija nimtafute mtu mwingine wa kupika. Hamphrey alikaa chini, akaweka jembe miguuni, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mwalimu Kilian akasimama akasema kosa ni lake pia. Ugali ulishaiva, ikabidi uliwe. Tulikula matanga ya mtu mzima wa afya, na samaki wa mbasa walikuwa watamu, Mungu atusamehe.

Walipokuwa wanaondoka, Hamphrey aliniuliza jambo ambalo wenzangu wote kwa adabu hawakuwahi kuniuliza. Alisema kutoka Mbinga nilikokwenda kuapia mpaka Ukata si mbali. Kwa nini sikupanda tu gari nikakuomba saini?

Ile hati niliichana palepale na kuitia motoni chini ya sufuria. Kisha kila mmoja akakunja mkeka wake, ua likawa tupu, nikabaki na masufuria ya watu ya kuosha. Nikaosha. Nimekuwa nikimjibu Hamphrey kichwani tangu siku hiyo, na jibu lake ndilo hili, lakini ni lako, si lake.

Dada, unakumbuka mkutano ule. Mahindi kwa anayetaka uendelee, maharage kwa anayetaka ubadilishwe. Kila mtu punje mbili, moja unaitumbukiza kwenye chungu nyuma ya pazia, nyingine unabaki nayo umeifumbata. Nilizigawa mimi. Tulikuwa kumi na watatu. Mahindi yakatoka sita, maharage saba. Ukasema ni sawa, ukasimama kwa heshima yako yote. Kisha ukaona punje ya hindi chini, kwenye mkeka, miguuni kwa Violet. Ukajua kwamba aliyebaki na hindi ndiye aliyetumbukiza harage. Ukamtazama rafiki yako wa tangu utoto, ukamwuliza mbele ya watu kama ndivyo. Violet hakusema neno. Ukachukua kanga yako ukatoka, na wiki ileile ukahamia kwa Luisa.

Ile punje ilikuwa yangu. Iliniponyoka mkononi nilipofungua daftari kuandika matokeo, ikabingirika mpaka kwake. Harage la saba lilikuwa langu.

Violet aliona inavyoanguka. Yeye alikuwa amebaki na harage lake kwenye fundo la kanga. Angelifungua tu akakuonyesha, ungejua hapohapo kwamba alikupigia hindi. Hakulifungua. Jioni nilimfuata kwake nikilia, nikamwambia kesho nakwenda kukuambia. Akanikataza. Alisema yeye ni rafiki tu, na dada akikosa rafiki ataishi, lakini akimkosa mdogo wake atabaki na nani. Nikamtii, kwa sababu ilikuwa rahisi kumtii. Kisha kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwaka. Alikuwa anakuandikia salamu kila Krismasi, nadhani ulizichana. Alipougua mwaka jana alikuwa anauliza kila jioni kama kuna gari limeshuka kutoka milimani. Nilikuwa nimemshika mkono, na mimi ndiye niliyekuwa namjibu kwamba bado. Nilimzika nikiwa nimenyamaza. Sasa hayupo wa kunikataza tena, na hayupo wa kunibebea kosa hili.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza sana, na nimetupa sababu zote nzuri. Uongozi wako haukuwa mbaya. Ulikuwa mkali, lakini uji ulifika kwa wakati. Wiki ile ulinisema mbele ya wauguzi kwamba nimeunguza uji, na kwamba tangu utoto mimi ni wa kusimamiwa. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Nilichoka kuwa mdogo wake Getrude. Nilidhani utashinda tu, wote tulidhani hivyo, nikataka chungu kiwe na harage moja la kwangu, likuwashe kidogo. Ni wivu, dada, hakuna jina lingine. Sikutaka uondoke. Nilitaka unione.

Ndani ya bahasha kuna katiba mpya. Ukurasa wa mwisho una mistari miwili, wa kwanza nimesaini mimi, wa pili hauna kitu. Ukisaini, mpe Clemence airudishe kabla ya tarehe thelathini. Usisaini kwa ajili yangu. Saini kwa ajili ya mzee wa kitanda cha dirishani, au usisaini kama unaona tumekosea mahali, uandike pembeni tulipokosea kama ulivyozoea. Mwalimu Kilian anajua kila kitu, nimemwambia, na kwenye kikao cha Jumapili ijayo nitawaambia wote, na jina la Violet litasafishwa kwenye muhtasari kwa mkono uleule uliolichafua.

Utaona kwamba ibara ya kumi na sita imebadilika. Sasa inatosha theluthi mbili ya wanachama. Kwa hiyo hii ndiyo mara ya mwisho chama kukuhitaji, dada. Baada ya hapa anayekuhitaji ni mimi peke yangu, na hilo halina sheria.

Nimekuwekea pia punje mbili kwenye kikaratasi, hindi na harage. Si zile, zile zilishaliwa na wadudu zamani. Safari hii hakuna pazia na mpiga kura ni mmoja. Mrudishie Clemence moja tu. Likija hindi, nitapanda gari la asubuhi kuja kukuamkia kwa magoti. Likija harage, nitalipokea, sitauliza lilikotoka, na Jumamosi nitafagia baraza lako kama kawaida.

Wasalimie Luisa na Placidi, wabusu wajukuu walionisahau. Jifunike asubuhi, huko kwenu baridi haina huruma. Mungu akutunze mpaka tuonane, kama utapenda tuonane.

Ni mimi, mdogo wako,
Emiliana